Kiti cha Diwani

Kabla ya halmashauri, Bagamoyo ilikuwa na madiwani. Walikuwa wakuu wa Washomvi, wenye mji. Cheo kilitoka katika ukoo, kikathibitishwa kwa karamu na ada, na katika biashara ya misafara diwani alikuwa na fungu lake. Sultani wa Zanzibar alipoweka liwali, hakuwafuta madiwani. Liwali aliamua na kusimamia mambo ya Sultani, lakini mji haukutawalika bila wenyewe.

Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Wenye mji hawakuulizwa. Kabla mwaka haujaisha, pwani ilikuwa vitani: Abushiri bin Salim huko Pangani, Bwana Heri huko Saadani. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Tangu hapo liwali, akida na jumbe wakawa watumishi wa mkoloni, Mjerumani kisha Mwingereza. Aliyewaweka ndiye aliyeweza kuwaondoa.

Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu. Neno diwani likabaki, sasa likimtaja mjumbe wa halmashauri. Naye hakudumu: mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri kwa mpango wa madaraka mikoani, hadi zikarudishwa kwa sheria za 1982.

Tutazame Marekani. Huko Bunge la Washington haliwezi kulivunja jimbo la Vermont kama tulivyovunja halmashauri zetu. Majimbo ya mwanzo yalikuwepo kabla ya shirikisho, na Marekebisho ya Kumi ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayaachia mamlaka ambayo shirikisho halikupewa. Kwa haki, tuseme pia kwamba miji na kaunti za huko ni watoto wa majimbo yao, kama halmashauri zetu zilivyo watoto wa Bunge. Katiba yetu, ibara ya 145, inataka serikali za mitaa ziwepo. Umbo lake hupangwa Dodoma. Na katika wilaya ileile anayochaguliwa diwani, mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais.

Kisha kuna chama. Mwaka 2001 Seneta James Jeffords wa Vermont alikihama chama cha Republican, akabaki na kiti chake, na wingi wa viti katika Seneti ukahamia upande wa pili. Kwetu, mbunge au diwani akihama chama, kiti kinamtoka. Hata kugombea bila chama hakuruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia.

Diwani wa kale alipewa kiti na ukoo. Jumbe wa mkoloni alipewa na bwana mkubwa. Wa leo hupewa na wapiga kura, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini chama kinaweza kumvua uanachama, na kiti kikaenda naye, wapiga kura wasiulizwe. Mwaka 1888 pwani ilipigana kwa sababu ya kutoulizwa.