Safari ya Dar es Salaam hadi Njombe: Ubebe nini?

Kila Juni na Julai, wasikilizaji wanaokuja Nyanda za Juu Kusini hutuuliza wafungashe nini. Jibu linaanza na mwinuko wa mahali, kwa sababu hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selisiasi kila unapopanda mita 1,000. Dar es Salaam iko kando ya bahari. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu yake, na uwanda wa Kitulo wilayani Makete unafika mita 2,600. Huko, alfajiri za miezi hii, umande huweza kuganda kwenye majani.

Ondoka na nguo nyepesi, lakini sweta, soksi na kofia ya mtoto viwe kwenye mkoba wa mkononi. Begi lililoko kwenye buti ya basi hulifikii njiani. Nguo kadhaa za kuvaa moja juu ya nyingine zinafaa kuliko koti moja zito, maana mchana jua huwaka na utataka kupunguza.

Blanketi nalo libebe. Anayezidiwa na baridi hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani, na hewa ya sumu inayotoka humo, isiyoonekana wala kunusika, huua watu wakiwa usingizini.

Anayeshuka kwenda Pwani asisahau chandarua. Na mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo iache: imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019.