Banda la dakika nane, na jina lililokaribia kufutwa

Kumbi za sanaa ya mwanga zimekuwa biashara kubwa. Paris kuna Atelier des Lumières, Tokyo kuna teamLab Borderless, zote zilifunguliwa mwaka 2018. Unakata tiketi, unaingia gizani, ukuta mzima unageuka maua au mawimbi, sauti inakuja kutoka kila upande. Wanaozitangaza husema huu ni wakati mpya: mtazamaji hasimami tena mbele ya sanaa, yumo ndani yake. Si kweli kwamba ni mpya. Watu walisimama ndani ya sanaa ya namna hiyo Brussels mwaka 1958, katika banda la maonyesho lililobomolewa tarehe 30 Januari 1959, kabla hata halijatimiza mwaka. Kinachouma ni kwamba hata wachache wanaolikumbuka humtaja aliyekuwa safarini, wakamsahau aliyekesha mezani.

Banda lilikuwa la Philips. Kwetu jina hilo ni redio ya juu ya kabati na balbu ya dukani, na Maonyesho ya Dunia ya 1958 yalikuwa mahali pazuri pa kupanga bidhaa kama hizo mezani. Louis Kalff, mkurugenzi wa sanaa wa kampuni hiyo ya Eindhoven, Uholanzi, hakutaka meza. Alitaka wageni waone mwanga na sauti vinaweza kufika wapi vikikabidhiwa wasanii. Mapema mwaka 1956 akamwendea Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri kuliko karibu wote wa zama zake. Mzee akakubali kwa sharti: hatapamba ukuta wa banda, atatunga shairi la elektroniki la mwanga, rangi, picha na sauti, na jengo litakuwa chombo cha kulibeba. Muziki utungwe na Edgard Varèse, Mfaransa aliyehamia New York tangu 1915. Akasema pia kwamba ramani ya chini iwe na umbo la tumbo: watu waingie upande mmoja, wakae humo dakika nane, watokee upande wa pili.

Kisha akaendelea na safari zake za India, ambako alikuwa akijenga mji wa Chandigarh. Kazi ya kuchora ikabaki Paris, mezani kwa Iannis Xenakis.

Xenakis alikuwa Mgiriki, mhandisi kwa masomo. Alipigana katika vuguvugu la ukombozi nchini mwake, kombora likamharibu uso na kumpofusha jicho la kushoto. Akahukumiwa kifo bila mwenyewe kuwapo mahakamani. Aliingia Ufaransa mwaka 1947 akiwa mkimbizi, akapata kazi ya kukokotoa zege katika ofisi ya Le Corbusier. Usiku alitunga muziki. Mwaka 1955 kipande chake kiitwacho Metastaseis kilipigwa Donaueschingen, Ujerumani: fidla nyingi zinateleza kutoka sauti ya chini hadi ya juu bila kuruka, kila moja kwa mwendo wake. Ukizichora sauti hizo kwenye karatasi, unapata mistari mingi iliyonyooka ambayo kwa pamoja inafanya mpindo. Kanuni hiyohiyo ndiyo aliyoitumia kuligeuza tumbo la bosi wake kuwa jengo. Kuta zilipinda kama tandiko la farasi, zikapanda na kukutana katika ncha tatu. Zilijengwa kwa vibamba vya zege vya unene wa sentimita tano, vilivyomiminwa kwenye kalibu za mchanga na kufungwa kwa nyaya za chuma. Hapakuwa na nguzo za kawaida wala dari.

Ndani ziliwekwa spika zaidi ya 300, zikafuata mikunjo ya kuta. Kanda yenye njia tatu ilibeba sauti, kanda nyingine ilibeba amri za kuelekeza ipi ilie wapi, hata sauti ikaweza kusafiri ukutani kutoka mlangoni hadi juu ya kichwa chako. Wakati kundi moja likitoka na jingine likiingia, wageni walisikia kazi ya Xenakis mwenyewe, Concret PH, kipande kisichofika dakika tatu. Malighafi yake ilikuwa sauti ya makaa ya moto yakitatarika. Aliirekodi, akaikatakata vipande vidogo sana, akavirundika tabaka juu ya tabaka hadi hewa yote ikawa cheche. Nani kati yetu hajawahi kuisikia sauti hiyo kwenye jiko? Baada yake taa zilizimika, kengele nzito ya Varèse ikagonga, na picha zikaanza kupita: vinyago, wanyama, wingu la bomu la atomiki, Charlie Chaplin, watoto wachanga.

Philips waliposikia muziki wa Varèse walitishika, wakataka kumbadilisha. Le Corbusier alisimama kidete: Varèse akiondoka, naye anaondoka. Kwa hilo anastahili heshima. Ndiyo maana jinsi alivyomtendea Xenakis inasikitisha zaidi. Marc Treib, ambaye kitabu chake cha 1996 kuhusu banda hili ndicho ninachokitegemea hapa, anaonyesha kwamba sifa ya usanifu ilikuwa inaelekea kwa mtu mmoja tu. Xenakis alimwandikia Kalff moja kwa moja, akadai jina lake litajwe. Le Corbusier alikasirika. Katika ofisi yake michoro yote ilitoka kwa jina la mwenye ofisi, na kijana kwenda kwa mteja kudai haki aliona ni utovu wa adabu. Baada ya mabishano marefu alikubali jina la Xenakis liwekwe kando ya lake. Mwaka uliofuata maonyesho, Xenakis na wenzake wawili walirudi kutoka likizo wakakuta makufuli ya ofisi yamebadilishwa. Walikuwa wamefukuzwa, baada ya yeye kutumika hapo karibu miaka kumi na miwili.

Maonyesho hayohayo yalikuwa na watu wengine walionyimwa heshima, nao wanatuhusu moja kwa moja. Katika eneo la maonyesho lililotengewa Kongo na Ruanda-Urundi, Ubelgiji ilijenga kijiji cha kienyeji na kuwaweka humo mafundi wa Kikongo wafanye kazi mbele ya wageni. Wageni waliwatusi, wakawatupia ndizi na sarafu. Mwezi Julai Wakongo hao walikataa kuendelea, wakarudi kwao. Miaka miwili baadaye nchi yao ilikuwa huru. Anayeandika historia ya ubunifu wa Brussels 1958 bila kutaja kijiji hicho anaandika nusu yake.

Le Corbusier na Varèse walifariki mwaka mmoja, 1965. Xenakis aliendelea hadi 2001, na kuanzia Montréal mwaka 1967 alitengeneza kazi za mwanga na sauti alizoziita Polytope. Mwaka 1978 mbele ya Centre Pompidou, Paris, alisimamisha Diatope, hema jekundu lenye kuta zilizopinda, taa za kumweka 1,680 na miale minne ya leza. Safari hii jengo, mwanga na muziki vyote vilikuwa vyake. Nalo lilikuja kung'olewa. Watafiti wamelijenga upya banda la Brussels ndani ya kompyuta, na muziki wake unapatikana kwa anayeutaka. Picha za banda nazo zimejaa vitabuni, na nyingi bado zina jina moja chini yake: Le Corbusier.