Shabaha na Umilisi wa Mrushaji

Kila mwaka, ifikapo katikati ya Februari, timu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani huikimbia baridi na kuhamia kusini. Timu 15 hupiga kambi Florida, 15 nyingine Arizona. Wa kwanza kuripoti ni warushaji na wadakaji, kwa kuwa mkono wa mrushaji huhitaji majuma kadhaa ili kuzoea tena kazi yake baada ya mapumziko. Wamarekani huita kipindi hicho mazoezi ya majira ya kuchipua. Kwetu, ambako mwaka hugawanywa na masika na vuli, jina hilo halimwambii msomaji lolote, hivyo natumia maneno ambayo mashabiki wa soka wanayo tayari: kambi ya maandalizi ya msimu.

Kutoka katika kambi hizo, kila Machi, huja habari ya kijana fulani kwa maneno yaleyale. Ana mkono wenye nguvu, mpira wake unakwenda kilomita 150 kwa saa na zaidi, lakini haijulikani utapita wapi. Kiingereza kinasema kijana huyo hana "control". Mtafsiri mwenye haraka ataandika kwamba hana udhibiti, na msomaji ataendelea mbele bila kujua hasa alichokosa. Mimi naandika kwamba hana shabaha, na naamini mchezo huu unadai neno la pili juu ya hilo, yaani umilisi.

Tuanze na kazi yenyewe. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, akitazamana na mpigaji aliyeshika gongo, huku mdakaji akiusubiri mpira nyuma ya mpigaji huyo. Kati ya kibao anachokanyaga na kibao cha mpigaji kuna mita 18.44, umbali uliowekwa mwaka 1893 na ambao haujaguswa tangu hapo. Kibao cha mpigaji kina upana wa sentimita 43 tu. Hewani juu yake, kuanzia chini ya goti la mpigaji hadi usawa wa kifua, ndipo lilipo eneo la straiki. Mpira ukipita humo bila kupigwa ni straiki; ukipita nje, na mpigaji akauacha, ni boli. Straiki tatu zinamtoa mpigaji. Boli nne zinampa ruhusa ya kutembea taratibu hadi kituo cha kwanza, bila kupiga chochote. Hicho nakiita kituo cha bure, na ndicho kipimo kikuu cha mrushaji asiye na shabaha: huhesabiwa ametoa vituo vya bure vingapi kwa kila zamu tisa alizorusha, zamu moja ikiisha wapigaji watatu wanapotolewa.

Kwa nini ni vigumu hivyo? Mpira huachiwa ukiwa umebakiza kama mita 17. Mkono ukikengeuka digrii moja tu, mpira utakuwa umehama takriban sentimita 30 ufikapo kwa mpigaji, na aliyelenga katikati ya kibao atakuwa amekikosa chote. Ukiachiwa mapema kidogo, unapaa. Ukicheleweshwa, unazama. Uamuzi huo vidole huufanya mkono ukiwa katika kasi yake kubwa kuliko zote, mwishoni mwa mnyororo unaoanzia mguuni, ukapanda nyongani, begani, kwenye kiwiko na kifundo cha mkono. Kiungo kimoja kikitangulia au kikichelewa, hesabu yote inaharibika. Kijana asiye na shabaha mara nyingi anaona vizuri na analenga vizuri. Kinachomshinda ni kurudia: kuufanya mwili wake utende jambo lilelile mara 90 mchana mmoja. Na kambini ndipo kurudia kunapokuwa kugumu zaidi, maana mwili umetoka kupumzika, makocha wamembadilishia mtindo, na yeye mwenyewe anataka nafasi katika kikosi cha wachezaji 26, kwa hiyo anaongeza nguvu.

Hapo kwenye kuongeza nguvu ndipo ninapoachana na udhibiti. Neno hilo tumelizoea katika kudhibiti magendo, kudhibiti bei, kudhibiti kipindupindu. Linabeba mkono mzito unaokandamiza kitu kisichotaka kutii. Katika soka nalo lina maana yake, ya mchezaji aliye na mpira mguuni akiutuliza na kuuamrisha. Lakini mpira wa mrushaji ukishatoka mkononi hauamrishwi tena na yeyote. Na anayejaribu kuukandamiza kabla haujatoka ndiye anayeupoteza.

Ushahidi bora naupata katika kambi ya klabu ya Dodgers ya Machi 1961, huko Vero Beach, Florida. Sandy Koufax, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyezaliwa Brooklyn, alikuwa na miaka 25 na misimu sita ligi kuu, na bado alihesabiwa kuwa kijana ambaye hajakomaa. Alikuwa ameshinda mechi 36 na kupoteza 40. Mwaka 1958 alitoa vituo vya bure 105 katika zamu zisizofika 159, karibu sita kwa kila zamu tisa. Sehemu ya tatizo ilikuwa sheria. Alisajiliwa kwa malipo makubwa, na kanuni za wakati ule zilimlazimisha mchezaji wa namna hiyo kukaa ligi kuu miaka miwili mfululizo. Hakupelekwa ligi za chini, mahali ambapo wenzake walijifunza kurudia bila kutazamwa na umati. Alijifunza hadharani, au tuseme alikaa benchi hadharani.

Siku moja ya kambi hiyo alipelekwa Orlando katika mechi ya majaribio dhidi ya Minnesota Twins, akiwa na mdakaji wake Norm Sherry. Akaanza kama alivyozoea: wapigaji wa mwanzo wakapewa vituo vya bure, naye kila boli ilipoitwa akazidisha nguvu. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo, kuvurumisha. Sherry akapanda kichuguuni akamshauri apunguze kasi, aupitishe mpira katikati, awaache wapige. Koufax akakubali, akarusha zamu saba bila kupigwa hata mpira mmoja wa kumfikisha mpinzani kituoni. Sherry alimwambia baadaye kwamba alipokuwa hajitahidi, mpira wake ulikuwa na kasi zaidi kuliko alipokuwa akijitahidi.

Msimu huo alishinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 269 kwa straiki tatu, rekodi mpya, kwa hesabu za tangu 1900, ya Ligi ya Taifa, moja ya matawi mawili ya ligi kuu. Vituo vya bure vilishuka kutoka zaidi ya vitano kwa zamu tisa mwaka 1960 hadi vitatu na kitu. Mwaka 1963 alirusha zamu 311 na kutoa 58 tu, pungufu ya viwili kwa zamu tisa. Siwezi kuiita safari hiyo udhibiti, kwa sababu ilianza siku alipolegeza.

Nimeyapima maneno mengine. Kulenga ni kutenda tu: mtu hulenga akakosa, na Kiswahili hakioni ajabu. Kumudu ni kitenzi kizuri, magazeti yetu huandika kila siku kwamba dereva alishindwa kulimudu gari, na kinafaa kusimulia mechi moja: leo hakuumudu mkono wake. Ila nomino yake haijazoeleka, na istilahi isiyokuwa na nomino haiingii kwenye jedwali la takwimu. Shabaha ina vyote. Ni kitu kinacholengwa, na pia ni sifa ya anayelenga. Tukisema mwindaji fulani ana shabaha, hakuna anayeuliza maana yake. Huwezi kuikandamiza. Unaweza kuwa nayo, kuikosa, kuipata, kuipoteza.

Lakini warushaji wenyewe wanatofautisha mambo mawili, na hapa Kiingereza cha uwanjani kina neno la pili, "command". La kwanza ni uwezo wa kupitisha mpira ndani ya eneo la straiki. La pili ni uwezo wa kuchagua sehemu gani ya eneo hilo, au nje yake kidogo, na kuufikisha hapo kwa kila aina ya mrusho: wa kasi, wa kupinda, wa polepole. Kila aliyekulia penye miembe anaijua tofauti hii. Kuna mtoto anayepopoa, na kila jiwe lake linaingia kwenye matawi, linadondosha mbichi na bivu pamoja. Na kuna yule anayelipopoa embe alilolionyesha kwa kidole. Wa kwanza ana shabaha, na hilo si dogo. Wa pili ana zaidi.

Hiyo zaidi naiita umilisi. Wanaisimu wetu wamelitumia neno hili kwa miongo mingi kwa maana ya kuijua lugha kwa undani, hata mtu achague neno na lahaja apendavyo bila kusita. Mrushaji mmilisi anafanya hivyohivyo kwa mipira. Mdakaji anaweka glovu penye kona ya chini, nayo haisogei. Tofauti ina uzito kambini, kwa kuwa kijana anaweza kutoka na takwimu safi, bila kutoa kituo cha bure hata kimoja, na bado akapigwa vibaya. Mipira yake yote ilipita katikati, mahali mpigaji anapopenda. Shabaha anayo, umilisi bado, na taarifa inayotumia neno moja kwa yote mawili itamdanganya msomaji.

Kuna pia upande wenye huzuni wa istilahi hii. Steve Dalkowski, mrushaji wa ligi za chini za klabu ya Orioles, ambaye wengi waliomwona waliamini hakuna aliyewahi kurusha kwa kasi kama yeye, mwaka 1960 huko Stockton, California, alirusha zamu 170, akawatoa wapigaji 262 kwa straiki tatu na kutoa vituo vya bure 262 vilevile. Alipoanza kutulia, akakaribia kuingia ligi kuu, kiwiko kikamuumia kambini Machi 1963. Hakuwahi kufika. Steve Blass wa Pittsburgh alikuwa na shabaha na umilisi pia: alimaliza peke yake mechi ya saba ya fainali za 1971, na msimu uliofuata akashinda mechi 19. Mwaka 1973 alitoa vituo vya bure 84 katika zamu zisizofika 89. Mkono haukuwa na jeraha, na mazoezini bila mpigaji alirusha vizuri. Hali hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Rick Ankiel wa St. Louis alikuwa na miaka 21 ilipomkuta, tarehe 3 Oktoba 2000, katika mechi ya mchujo dhidi ya Atlanta: mipira mitano ikamponyoka mdakaji katika zamu moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1890. Kambi ya mwaka uliofuata haikumponya. Machi 2005 aliacha kurusha, akajifunza upya mchezo kama mpigaji, na Agosti 2007 akarudi ligi kuu na kuupiga mpira nje ya uwanja katika mechi yake ya kwanza. Kuhusu watu hawa, Kiswahili kinaniruhusu kuandika kwa wazi kwamba walipoteza shabaha. Nikiandika kwamba walipoteza udhibiti, nitakuwa nimewafanya watu wa hasira.

Maneno haya yana kazi ya karibu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, waliiwakilisha Afrika kwa mara ya kwanza katika fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Dodgers, klabu ileile ya Koufax, walisajili Waganda wawili, mrushaji na mdakaji. Kambi ya klabu hiyo sasa iko Glendale, Arizona. Mtangazaji wa Kiswahili atakayeripoti mechi ya mrushaji kutoka Uganda anaweza kusema: "Leo ametoa vituo vya bure viwili katika zamu tano, shabaha imerudi, umilisi wa mpira wa kupinda haujakamilika." Aliyezoea kusikiliza soka redioni ataelewa sentensi hiyo akishaelezwa zamu na kituo cha bure.