Nyuzi na jivu huupa ukuta wa udongo nguvu

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, nyumba ya udongo ina maadui wawili: jua linaloupasua ukuta na maji yanayoulainisha.

Dawa ya adui wa kwanza ni ya jadi. Kabla ya kukandika, udongo huchanganywa na nyasi zilizokatwakatwa au samadi ya ng'ombe. Udongo hustahimili kugandamizwa, lakini ukivutwa hukatika upesi. Nyuzi za nyasi, mkonge au mgomba hushika pande mbili za ufa unapoanza, na ukuta hupinda kidogo badala ya kuvunjika ghafla.

Adui wa pili huhitaji jivu. Makapi ya miwa, ambayo viwanda vya sukari kama kile cha Awendo, kaunti jirani ya Migori, huyatumia kama kuni, huacha jivu lenye silika. Likichanganywa na chokaa na maji, hugandisha chembe za udongo mithili ya saruji. Lakini udongo ulioganda hivyo, bila nyuzi, huvunjika kwa ghafla.

Tofali lililoshindiliwa kwa mchanganyiko huo halichomwi tanuruni, hivyo miti husalimika.

Hata hivyo, kipimo kizingatiwe. Nyuzi zikizidi mno, husongamana na kuacha mapengo. Isitoshe, nyuzi za mimea huoza zikilowa. Msingi wa mawe na paa lenye upenu mpana bado ni lazima.