Ucheshi Unastahili Tuzo Yake: Urithi wa Wahome Mutahi na Mizani ya Fasihi

Mwaka 1992 Wahome Mutahi alipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta kwa riwaya yake Three Days on the Cross, kitabu kizito kuhusu mateso ya mahabusu, kilichochota mengi katika yaliyompata mwandishi mwenyewe alipokamatwa mwaka 1986 na kufungwa kwa madai ya kuhusika na kundi la siri la upinzani, Mwakenya. Riwaya hiyo ilistahili heshima iliyopewa. Hata hivyo, Wakenya wengi walimjua Mutahi kwa safu yake ya gazetini, Whispers, iliyowachekesha kila Jumapili kwa takriban miongo miwili, hadi alipofariki Julai 2003. Kazi iliyomjengea jina siyo iliyotuzwa. Miaka mitatu baada ya kifo chake, Chama cha Wachapishaji wa Kenya kilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yenye jina lake, na mshindi akawa Onduko bw'Atebe kwa The Verdict of Death, riwaya ya uhalifu. Sina ugomvi na riwaya hiyo. Ninachodai ni kwamba tuzo za jumla, hata zikibeba jina la mcheshi, haziwezi kuutendea ucheshi haki; kinachohitajika ni tuzo ya kitaifa ambayo sharti lake la kwanza ni ucheshi wenyewe.

Tatizo lipo katika mizani. Majaji wa tuzo za jumla huelekea kuupima uzito wa kazi kwa uzito wa mada yake: vita, jela, njaa, usaliti. Kazi ya kuchekesha hufika mbele yao ikiwa tayari imepunguzwa thamani, kwa kuwa kicheko hudhaniwa kuwa kitu chepesi. Tuiangalie Whispers kwa karibu. Msimulizi ni baba anayejitangaza kuwa mwenye kauli ya mwisho nyumbani, lakini mkewe anaitwa Thatcher, jina la waziri mkuu wa Uingereza aliyesifika kwa kutoyumba. Binti ni Pajero, na mwana ni Whispers Junior. Baba hutoa amri ambazo hazitekelezwi, hutisha watu wasiotishika, na kila akijitetea hujianika zaidi. Hajui kwamba anachekesha. Msomaji ndiye anayeona nyuma ya maneno yake. Katika Kenya ya miaka ya 1980, ambamo kumjadili mtawala hadharani kulikuwa hatari, mtawala wa sebuleni asiyetambua kwamba hana utii wa mtu alikuwa na maana pana kuliko familia moja. Mbinu hiyo ya msimulizi asiyeaminika wahakiki huisifu sana wanapoikuta katika riwaya nzito. Mutahi aliifanya upya kila wiki, katika nafasi finyu ya gazeti, mbele ya wasomaji ambao wangemwacha mara tu aliposhindwa. Mizani isiyoona kazi hiyo ina kasoro.

Kanada imetuonyesha njia nyingine. Tangu mwaka 1947, chama cha wapenzi wa fasihi chenye mizizi katika mji mdogo wa Orillia, Ontario, kimekuwa kikitoa Medali ya Kumbukumbu ya Stephen Leacock kwa kitabu bora cha ucheshi. Leacock, aliyefariki mwaka 1944, alikuwa profesa wa uchumi wa siasa katika Chuo Kikuu cha McGill, na kitabu chake Sunshine Sketches of a Little Town cha mwaka 1912 kiliigeuza Orillia kuwa mji wa kubuni wa Mariposa. Humo mna stima inayozama katika ziwa lenye kina kifupi kiasi kwamba chini yake hakuna pa kuzamia, na waokoaji wanaopiga makasia kuifuata hufika mashua yao ikididimia, wakavutwa ndani ya stima na abiria walewale ambao wao walikwenda kuwaokoa. Ucheshi wa namna hiyo umejengwa kwa hesabu: kila sentensi inachelewesha taarifa moja hadi pale itakapopindua yote yaliyotangulia. Medali yenye jina la mtu kama huyu imeweza kuyatambua mambo yaliyokosa makao kwingine. Eric Nicol, mwandishi wa safu gazetini huko Vancouver, aliipata mara tatu katika miaka ya 1950. Yaani mwandishi wa aina ileile ya Mutahi alipimwa kama mwanafasihi. Mwaka 2008 ilimwendea Terry Fallis kwa The Best Laid Plans, riwaya aliyoichapisha kwa gharama zake mwenyewe, na ambayo mwaka 2011 ilishinda shindano la kitaifa la Canada Reads.

Wapo watakaosema kicheko hakipimiki, kwa kuwa kila mtu hucheka kwa lake. Pingamizi hili lina nguvu kidogo kuliko linavyoonekana, maana huzuni nayo haipimiki, na bado hatujaacha kutuza tanzia. Isitoshe, majaji makini hujua wanachokitafuta. Mwaka 2018 majaji wa Tuzo ya Bollinger Everyman Wodehouse, ya vitabu vya ucheshi nchini Uingereza, walisoma vitabu 62, wakakataa kumtuza yeyote kwa sababu hakuna hata kimoja kilichowachekesha wote. Uamuzi huo uliwauma waandishi, lakini ulithibitisha kwamba kigezo kipo na kinaweza kutetewa.

Pingamizi la pili ni kwamba tuzo ya pekee itauzungushia ucheshi ua na kuutenga na fasihi. Ushahidi unapinga. Barney's Version ya Mordecai Richler ilipata Tuzo ya Giller ya Kanada mwaka 1997 kama riwaya, kisha medali ya Leacock mwaka 1998 kama kazi ya ucheshi, na hakuna aliyeishusha hadhi kwa hilo. Linalonielemea mimi kwa uzito zaidi ni la tatu: je, tuzo ya kitaifa haitaufuga ucheshi, imzawadie anayemchekesha mkubwa na kumnyima anayemcheka? Hatari hiyo ni ya kweli, hasa katika nchi iliyomfunga mcheshi wake. Ndiyo maana neno kitaifa lisifasiriwe kuwa la serikali. Medali ya Leacock inaendeshwa na chama cha hiari. Tuzo yetu nayo iwe mikononi mwa wachapishaji, waandishi na wahakiki.

Kiswahili kina mtaji wa kutosha kwa tuzo hiyo. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, na sehemu kubwa ya mvuto wa mpelelezi wake, Bwana Msa, ni utani wake na majibu yake ya mkato. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inaipindua jamii yetu kwa kejeli. Lakini tuzo zetu kuu, ikiwemo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nchini Tanzania, hugawa kazi kwa tanzu kama riwaya na ushairi, na mcheshi hubaki akishindana kwa vigezo vya watu wengine. Chama cha Wachapishaji wa Kenya hakihitaji kuanzisha kitu kipya. Kinayo tuzo, na kinalo jina. Kiongeze sharti la ucheshi, kikubali mikusanyo ya safu za magazeti pamoja na tamthilia, na kifungue mlango kwa lugha zote za nchi, maana Mutahi mwenyewe aliandika tamthilia za kejeli kwa Kikuyu na kuzipeleka kwa watazamaji kwenye mabaa. Na ikitokea mwaka ambao hakuna kitabu kilichowachekesha majaji, wasimpe mtu.