Nairobi Pia Ni Mji wa Mita 100

Kuna msee aliniambia ile 9.77 ya Ferdinand Omanyala ni "hewa tu ya Nairobi." Iliniuma, so nikaenda kuchimba historia.

Tuanzie Mexico City, 1968. Ule mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, haimsukumi mkimbiaji nyuma sana. Jim Hines wa Marekani akashinda fainali ya Olimpiki kwa sekunde 9.95, mtu wa kwanza kushuka chini ya 10 kwa saa ya kielektroniki. Rekodi ikakaa hadi 1983. Na hakuna anayemwambia Hines alibebwa na hewa.

Halafu Berlin. 1936, Hitler alitaka Olimpiki ionyeshe dunia ubora wa Wazungu wake. Jesse Owens, Mmarekani mweusi, akabeba dhahabu ya mita 100 hapo hapo. Mwaka 2009, uwanja ule ule, Usain Bolt akakimbia 9.58. Na Berlin haiko mlimani.

Sasa Kasarani, 18 Septemba 2021. Trayvon Bromell 9.76, Omanyala 9.77, rekodi ya Afrika. Ndio, Nairobi iko juu. Lakini hewa ni ile ile Bromell alipumua, na wengine wote walioachwa nyuma pia.

Bado unabisha? Twende Birmingham, 2022. Huko hakuna mwinuko wa kusingizia. Omanyala akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa 10.02. Mkenya aliyeshinda mbio hizo fupi kabla yake alikuwa Seraphino Antao, Perth, 1962, yadi 100 na yadi 220. Hapo Kenya haikuwa hata imepata uhuru. Na Antao alikuwa mtu wa Mombasa, buda. Baharini kabisa!

Manze, hiyo ni miaka 60 katikati. Sidhani tulikosa watu wenye kasi muda wote huo. Nadhani tulijiambia Mkenya ni wa mbio ndefu, mpaka mtoto mwenye miguu ya moto akiambiwa aende akajaribu 1,500.

Kama mtaani kwenu kuna mtoto anayewaacha wote kutoka duka hadi stage, tafadhali msimwambie ajaribu marathon. Mtafutieni kocha wa mbio fupi.