Kupima Kilichomo Mtungini: Historia Fupi ya Uthibitisho wa Oksijeni na Suala la Lugha nchini Malawi

Makala haya yanafuatilia historia ya tendo dogo: kuthibitisha kiasi cha oksijeni kilichomo katika gesi kabla ya binadamu kuivuta. Hoja yake ni kwamba kipimo hakikamiliki kwa chombo kusoma sawasawa. Hukamilika pale mvutaji wa gesi hiyo, au anayemtunza, anapoelewa kilichosomwa.

Mwaka 1878 mwanafiziolojia Mfaransa Paul Bert alionyesha kwamba oksijeni ikivutwa katika kanieneo kubwa husababisha degedege na hata kifo. Karne moja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika la Marekani la bahari na angahewa, NOAA, liliweka taratibu za kuzamia kwa hewa iliyoongezwa oksijeni hadi 32%, ambayo leo hujulikana kama naitroksi. Kwa kuwa nitrojeni imepungua, mzamiaji huweza kukaa chini kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, faida hiyo ina masharti. Katika kina cha mita 30, kanieneo ni mara 4 ya ile ya juu ya maji. Mtungi wa 32% humpa mzamiaji oksijeni yenye kanieneo ya angahewa 1.28, chini ya kikomo cha kawaida cha 1.4. Mtungi uliojazwa 40% kwa makosa humpa 1.6. Gesi hizo mbili hazitofautiani kwa rangi, harufu wala ladha.

Makosa ya namna hiyo ni rahisi kutokea. Katika njia mojawapo, mjazaji hutia oksijeni halisi kwanza, kisha huongeza hewa. Mtungi hupata joto, geji hudanganya, na gesi huchelewa kuchanganyika. Ndiyo maana wazamiaji walijiwekea kanuni: atakayeutumia mtungi ndiye aupime. Kifaa hulinganishwa kwanza na hewa ya kawaida, yenye oksijeni 20.9%, kwa sababu kihisio chake huchakaa kadiri muda unavyopita. Kisha mzamiaji huandika kwenye kibandiko asilimia, kikomo cha kina na tarehe, na kutia saini. Kwa kanuni hiyo, neno la mjazaji pekee halitoshi tena.

Malawi ina wazamiaji katika ziwa lake, hususan Cape Maclear na Nkhata Bay. Hata hivyo, upimaji wa oksijeni una uzito mkubwa zaidi wodini. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa taifa wa afya ya mapafu ya watoto ulipeleka katika hospitali za wilaya mashine zinazochuja nitrojeni na kubakiza oksijeni. Unyevu na vumbi huweza kuidhoofisha mashine ya aina hiyo: huendelea kuvuma na gesi huendelea kutoka, ilhali oksijeni imepungua. Hapa hatari ni upungufu, wala si wingi. Lakini dawa ni ileile, yaani kupima mara kwa mara.

Tofauti iko kwa mvutaji. Mtoto mwenye nimonia hawezi kupima wala kutia saini. Anayeamua kwa niaba yake ni mzazi. Katika wodi za Malawi imeshuhudiwa kwamba baadhi ya wazazi huiogopa oksijeni kwa kuihusisha na kifo. Katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza, hofu hiyo hukutana na kizuizi cha pili. Wakazi wengi walitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Huduma za afya za nchi, hadi hospitali ya rufaa ya Kamuzu jijini Lilongwe, huendeshwa zaidi kwa Kiingereza na Kichewa. Namba iliyo sahihi kwenye kifaa haimwondolei hofu mama asiyeelezwa maana yake.

SADC iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Malawi ni mwanachama. Uamuzi huo utapimwa pia kando ya kitanda cha mgonjwa. Maelezo mafupi ya Kiswahili yanayobandikwa kwenye mashine, yakitaja kiasi kilichopimwa, tarehe na sababu ya mtoto kuwekewa oksijeni, pamoja na mkalimani aliyefunzwa istilahi hizo, yangempa mzazi haki ambayo mzamiaji amekuwa nayo kwa miongo kadhaa: kujua kinachovutwa kabla ya kuvutwa.